Mbio Fupi kwa Miguu Iliyochoka

Somo la kikundi. Muda wa somo: mkutano mmoja, kama saa moja na nusu. Vitu vinavyohitajika: karatasi kubwa au ubao, kalamu, na mtungi mmoja wa lita 20 uliojaa maji.



Somo hili ni la vikundi ambavyo vimeamua kukimbia ili kuchangisha fedha. Siku hizi harambee si lazima iwe ya kuketi chini ya hema na kusikiliza hotuba mpaka jua lizame. Hapa jirani yetu, Lewa, mbio za mwezi wa Juni zilianza mwaka 2000, na fedha zake husaidia uhifadhi wa wanyama pamoja na shule, zahanati na maji kwa jamii za karibu. Vikundi vyetu vimeona, na vimesema: hata sisi tunaweza. Si lazima ziwe kilomita 42. Kilomita 5 zinatosha, na ahadi ya kila mkimbiaji ikikusanywa, tangi la maji linaanza kuonekana.

Wazo ni zuri. Lakini mgeni anayetoka mjini kuja kukimbia Lewa anaweza kupumzika wiki nzima kabla ya mbio. Mwanakikundi wetu hawezi. Ijumaa ameteka maji, amepasua kuni, amefuata mbuzi, ameketi sokoni kutwa. Jumamosi asubuhi ndiyo mbio. Anafika mahali pa kuanzia na miguu iliyochoka tayari.

Tunaandika haya kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Wakati mmoja tulisaidia kikundi kuandaa mbio za kilomita 5. Tulipanga kuanza alfajiri, lakini tukamngojea mgeni wa heshima hadi saa nne. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mama mmoja wa kikundi alitoka kwa kasi pamoja na vijana, watu wakampigia vigelegele. Kufika kilomita ya tatu alianza kuyumba, kisha akaanguka kando ya barabara. Tulimweka kivulini, tukammwagia maji, na tunamshukuru Mungu alipata nafuu. Baadaye alitueleza kwamba alijua tangu jana yake kuwa amechoka, na asubuhi ile alikuwa amekwenda kuteka maji mara mbili kabla ya kuja. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alituuliza sisi: kama angesema, nani angemtekea?

Hatukuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu letu, ijapokuwa limechelewa.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo kikundi kiweze: (1) kutofautisha uchovu wa kawaida na ugonjwa au jeraha, (2) kupanga siku tatu za mwisho ili wakimbiaji wapumzike, (3) kukimbia mbio fupi kwa mwendo unaofaa miguu iliyochoka, (4) kumsaidia anayezidiwa na joto.

1. MIGUU INACHOKA KWA NINI?

Tuseme uchovu una milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni akiba. Chakula tunachokula, kama ugali, githeri na viazi, hugeuka sukari, na mwili huiweka ndani ya misuli na ini. Kazi ndefu huimaliza. Kuijaza tena si jambo la saa moja. Huchukua siku nzima au zaidi, na ni lazima mtu ale vizuri na apunguze kazi. Anayekula mlo mmoja mkubwa usiku wa kuamkia mbio amejaza nusu tu.

Mlango wa pili ni misuli yenyewe. Kazi usiyoizoea, hasa kuteremka mlima au kukimbia ghafla, huikwaruza misuli kwa ndani. Maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho yake, na mara nyingi huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupoa yenyewe. Kwa hiyo kijana anayejipima kwa kasi siku ya Alhamisi atakuwa na mapaja mazito Jumamosi, wala asimlaumu mtu.

Mlango wa tatu ni usingizi na maji. Aliyelala saa nne tu, na ambaye mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi, amechoka hata kama hajainua mguu.

Wengi wetu tuna kosa moja. Siku za mwisho tunakimbia sana ili tufidie mazoezi tuliyokosa. Haya si mahindi ya kuuza jioni. Mazoezi huchukua majuma kuzaa nguvu. Mbio za siku tatu za mwisho haziongezi nguvu ya Jumamosi, zinaongeza uchovu tu.

2. MBONA MABINGWA HUKIMBIA WAKIWA WAMECHOKA?

Bila shaka mtu mmoja kikundini atauliza swali hili, na ni swali zuri. Tuchukue mfano wa dada yetu Tegla Loroupe, Mpokot, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio za masafa marefu za New York, mwaka 1994. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 watu walimtazamia ushindi. Usiku wa kuamkia mbio za kilomita 42 chakula kilimdhuru tumboni. Akakimbia hata hivyo, tarehe 24 Septemba, akamaliza wa 13. Jumatano ya wiki hiyo akaingia mchujo wa mita 10,000, na Jumamosi tarehe 30 akakimbia fainali. Akawa wa tano, kwa dakika 30 na sekunde 37.

Je, tumwige? Tumwige kwa moyo, tusimwige kwa kukimbia tukiwa wagonjwa. Nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kukimbia. Kisima chake kilikuwa kirefu, na hata kilipopungua, bado kulikuwa na maji chini. Kisima cha mtu aliyefanya mazoezi ya wiki sita ni kifupi. Akikichota mpaka mwisho, anachota matope.

Tena tazameni alichofanya baadaye. Kuanzia mwaka 2003 Tegla ameandaa mbio za amani, nyingi zikiwa za kilomita 10, akiwakutanisha wafugaji wa kaskazini waliokuwa wakiibiana mifugo na kuuana. Hapa Isiolo, ambapo Waborana, Wasamburu, Waturkana wa Ngare Mara, Wasomali na Wameru wanatumia soko moja na maji yale yale, tunaelewa maana yake. Katika mbio za namna hiyo kumaliza pamoja ni ushindi. Hakuna sababu ya mtu kujiua kwa ajili ya nafasi ya kwanza.

3. NANI ASIKIMBIE?

Uchovu wa kawaida hauzuii mbio fupi. Haya yafuatayo yanazuia:

(a) Homa, au malaria ambayo mtu bado hajapona vizuri.
(b) Kuhara au kutapika katika siku mbili zilizopita.
(c) Maumivu ya kifua, au kupumua kwa shida kusiko kwa kawaida.
(d) Maumivu ya mahali pamoja, mguu mmoja, yanayomfanya mtu achechemee.
(e) Kizunguzungu anaposimama.

Mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, wa shinikizo la damu au wa sukari, aulize kwanza kwenye zahanati. Asiyekimbia si mvivu. Apewe kazi ya kuhesabu muda, kugawa maji au kuandika majina. Kazi hizo pia ni za mbio.

4. SIKU TATU ZA MWISHO NI KAZI YA KIKUNDI

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Kiongozi auweke ule mtungi wa lita 20 katikati. Kila mwanakikundi, wanaume kwa wanawake, aunyanyue na kutembea nao hatua hamsini. Maji peke yake yana uzito wa kilo 20.

Sasa fanyeni hesabu ubaoni. Mama akienda kisimani kilomita 2 na kurudi kilomita 2, mara mbili kwa siku, ametembea kilomita 8. Kati ya hizo, kilomita 4 amebeba mzigo. Mbio zetu ni za kilomita 5. Maana yake ni kwamba kabla firimbi haijalia, mama huyu amekwisha kumaliza mbio moja, tena ndefu kuliko yetu.

Tukimwambia mama huyu apumzike, tumemwambia neno tupu. Maji hayajileti nyumbani. Mapumziko yake yatatoka kwa mtu mwingine atakayeubeba mtungi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani ukiwa kichwani pa mwingine unauona mwepesi. Basi kwa siku tatu tuubebe, tujue uzito wake.

Fanyeni hivi:

(a) Andikeni jina la kila mkimbiaji. Pembeni mwa jina lake andikeni jina la mtu asiyekimbia atakayemsaidia Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi.
(b) Msaidizi ateke maji na kuleta kuni. Mwenye punda amwazime. Waume na wavulana wasijifiche. Mtungi haujui mwanamke wala mwanamume.
(c) Kijana anayechunga apate wa kumpokea mifugo Ijumaa mchana, alale nyumbani.
(d) Jumatano mkimbiaji akimbie polepole dakika 20 tu. Alhamisi apumzike. Ijumaa atembee dakika 15 kunyoosha miguu, basi.

Mweka hazina naye ana neno. Wanaotoa ahadi waambiwe mapema kwamba ahadi inalipwa kwa mtu kushiriki, hata akitembea, hata akisimama njiani. Ahadi inayolipwa kwa anayemaliza tu humsukuma mtu maskini apite mpaka wa mwili wake kwa ajili ya shilingi.

5. CHAKULA, MAJI, NA MIRAA

Alhamisi na Ijumaa ongezeni vyakula vya nguvu kidogo katika kila mlo: ugali, wali, viazi, chapati, ndizi. Usingizi wa Alhamisi usiku ni muhimu kama wa Ijumaa, maana wengi hawalali vizuri usiku wa kuamkia mbio. Aliyelala vizuri usiku ule mwingine asiwe na wasiwasi.

Asubuhi ya mbio kuleni kitu chepesi saa mbili kabla ya kuanza. Kikombe cha uji wenye sukari na kipande cha mkate vinatosha. Msijaribu chakula kipya siku hiyo. Asiyezoea maziwa ya ngamia asianze leo.

Kunyweni maji kidogo kidogo tangu jana yake, mpaka mkojo uwe na rangi hafifu. Lakini msijimwagie lita nyingi kwa mara moja. Maji yakizidi mno mwilini hupunguza nguvu ya chumvi kwenye damu, na hiyo nayo ni hatari.

Miraa tuiseme wazi, maana tuko Isiolo. Miraa huondoa usingizi na kuyaongeza mapigo ya moyo. Haiongezi akiba ya misuli. Mtu anadanganyika kwamba hajachoka, na moyo unakwenda mbio kabla mwenyewe hajakwenda. Wakimbiaji waiache tangu Alhamisi.

Ndugu zetu Waislamu wanaofunga: msipange mbio mwezi wa Ramadhani. Kikundi ni chetu sote, na tarehe ni lazima iwafae wote.

6. ASUBUHI YA MBIO: JARIBIO LA DAKIKA KUMI

Mbio zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgeni wa heshima akichelewa, atawakuta mmemaliza, awape zawadi. Kama njia inagusa barabara kuu ya lami, malori ya Marsabit na Moyale hayajui kuwa leo ni siku yenu. Ombeni ruhusa kwa chifu na polisi mapema, na wekeni watu wenye bendera. Ni afadhali kutumia barabara ya udongo, ambayo pia ni laini kwa magoti.

Nusu saa kabla ya kuanza, kila mkimbiaji atembee dakika tano, kisha akimbie taratibu kabisa dakika tano. Halafu ajiulize: miguu imelegea, au imezidi kuuma? Uchovu wa kawaida hupungua mwili ukipata joto. Jeraha huzidi, tena hubaki mahali pale pale. Ikizidi, mtu atoe namba yake bila aibu. Kikundi kimpigie makofi, maana amelinda kesho yake.

7. KUKIMBIA KWENYEWE

Gawanyeni njia mara tatu, mweke alama mnazozijua: mti, duka, daraja.

Sehemu ya kwanza: kimbia huku ukiweza kusema sentensi nzima na jirani yako. Ukishindwa kusema, umekwenda kasi mno. Hapa ndipo miguu iliyochoka hupotezwa. Wengine watakupita, waache wapite. Mwenda pole hajikwai, na wengi utawakuta mbele wakiwa wameshika viuno.

Sehemu ya pili: maneno mawili matatu tu yatoke. Piga hatua fupi na za haraka. Usirefushe hatua. Mguu uliochoka ukirushwa mbali hutua kwa kishindo, na goti ndilo linalolipa. Legeza mabega na vidole. Kama pana kilima, tembea kwa bidii, kisha endelea kukimbia juu.

Sehemu ya tatu: kama bado unajua jina lako na miguu inakutii, ongeza kidogo. Kama haikutii, endelea na mwendo ule ule. Kutembea dakika moja na kukimbia dakika mbili kunakufikisha vilevile.

Anayevaa raba mpya siku ya mbio atapata malengelenge. Vaeni mlichozoea, hata kama ni akala.

8. MTU AKIZIDIWA NA JOTO

Chagueni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumsimamisha mkimbiaji yeyote, hata mwenyekiti. Dalili za hatari ni hizi: kuyumba, kusema ovyo, kukasirika bila sababu, kutojua yuko wapi, kuanguka. Hapo msingoje. Mtoeni juani, mlegezeni nguo, mmwagieni maji mengi mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Asiyekuwa na fahamu sawasawa asinyweshwe kitu. Kupooza kwanza, safari pili, na kupooza kuendelee ndani ya gari.

Aliyechoka tu, ambaye akili yake iko sawa, apewe kivuli na kinywaji hiki: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

9. BAADA YA MBIO

Msiketi papo hapo. Tembeeni dakika kumi, kunyweni, na katika saa moja mle. Wasaidizi, kazi yenu bado: mtungi wa Jumamosi jioni na wa Jumapili ni wenu. Mkimbiaji asikimbie tena mpaka maumivu ya misuli yaishe.

NENO LA MUNGU

Someni kwa pamoja 1 Wafalme 18:46 hadi 19:8. Eliya alipiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Baadaye akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akataka kufa. Ndugu zetu Waislamu nao wanamjua nabii huyu kwa jina la Ilyasi. Malaika hakumgombeza, wala hakumwambia ajikaze. Alimwachia alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwachia alale tena, akamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kumshinda. Ndipo akaenda siku arobaini. Mkate ule mtu mwingine aliuandaa, na maji yale mtu mwingine aliyaleta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayefika mkutanoni akiwa amechoka kuliko wote? Kwa nini?
2. Je, mtu anaweza kusema hapa kwamba amechoka bila kuchekwa?
3. Ulipoubeba mtungi hatua hamsini, ulifikiri nini?
4. Msaada wa siku tatu za mbio, upi unaweza kuendelea baada ya mbio?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, katibu aandae orodha ya wakimbiaji na wasaidizi wao, na kila msaidizi aweke sahihi au alama ya kidole. Orodha isipojaa, ahirisheni mbio. Tangi linaweza kungoja mwezi mmoja.

Yule mama wetu bado yuko kikundini. Safari iliyofuata alikimbia tena, na asubuhi ile mtungi wake ulibebwa na mwanawe wa kiume. Hakuwa wa kwanza. Alifika akiongea.

Mungu awabariki, na awape nguvu miguuni.